Kiti Ambacho Mzee Hawezi Kukikalia

Kabla sijaanza, nina neno moja na wanaume wa ukoo wa Opondo: kiti ni kitu cha kukalia. Si cha kusifiwa, si cha kufungwa kamba juu ya keria ya gari, wala si cha kupelekwa kijijini Pap Onditi kuonyeshwa majirani. Cha kukalia! Haya, nimeshasema, moyo umetulia kidogo, sasa naweza kueleza.

Kazi yangu ni ya kukaa. Hapa Kaloleni, Kisumu, watu hawaamini kama kuna kazi ya namna hiyo, lakini ipo. Kuna kampuni ng'ambo inayouza vitanda vya mbwa, na mimi Celestine, mke wa Dishon, ndiye ninayepokea simu mteja akiwa na malalamiko. Naweka hedifoni kichwani, nakaa mezani kwenye kona ya sebule, na kutoka asubuhi mpaka jioni naambiwa habari za mbwa. Mbwa amekojolea godoro. Mbwa hapendi rangi. Mbwa amenuna. Vitanda vyenyewe vina sponji maalumu ya kulinda uti wa mgongo, na ni lazima niisifu sponji hiyo kwa sauti tamu. Siku ninazosimulia nilikuwa naisifu nikiwa nimekalia kiti cha plastiki chenye mito miwili na leso juu yake. "Usijali, madamu, mgongo wa mbwa wako uko salama," namwambia mtu, na wangu unawaka moto.

Si kwamba sikuwahi kuwa na kiti. Nilikuwa nacho, tena kiti cha ofisi cha haki, cheusi, mgongo mrefu, mikono miwili ya kuegemeza viwiko, na magurudumu matano yanayoteleza kwenye saruji bila kelele. Mshahara wangu wa kwanza ndio uliokinunua. Nikikikalia nilikuwa najiona bosi wa mbwa wote wa dunia. Halafu Mzee akaja.

Mzee ni baba mkwe wangu, Mzee Opondo wa Pap Onditi. Alikuja mjini kuonyesha macho hospitalini. Sasa, kochi letu limezama katikati. Ukilikalia, unahitaji mtu wa kukuvuta mkono ndipo uinuke, na Mzee ana magoti mabaya. Dishon akaangalia kochi, akaangalia magoti ya baba yake, akamkalisha kwenye kiti changu. Baba mkwe akishakaa, mimi ni nani wa kumwambia ainuke? Muda wote aliokuwa kwetu nilipokelea simu jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, sufuria ya omena, dagaa wetu wa ziwani, upande huu na mteja upande ule.

Hayo ningeyasamehe. Tatizo ni kwamba Mzee alisifu. "Hii kiti ni kiti," alisema asubuhi. Baada ya chai akarudia, "Dishon, hii kiti ni kiti." Jioni akakizungusha kidogo kwa miguu, akacheka peke yake, akasema tena. Na kwao kina Dishon kuna desturi: baba akisifu kitu cha mwanawe mara ya tatu, hajasifu, ameomba. Kifungua mimba asiyelisikia hilo ataitwa mchoyo mpaka kaburini, na Dishon ndiye kifungua mimba.

Siku Mzee aliyoondoka, mimi nilikuwa sokoni Kibuye kumnunulia samaki wa kubeba. Narudi na mfuko wangu, nakuta kiti kiko juu ya keria, kimefungwa kamba, magurudumu yanaangalia mbinguni. Mzee ananipungia mkono dirishani kwa furaha. Nikapunga pia, ningefanya nini? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni tulimpa jembe langu mimi, tena akaenda nalo.

"Dishon," nikamwambia gari lilipokata kona, "umegawa kiti changu?"

"Ni kiti ya nyumba, Celestine. Baba aliomba."

"Alisifu!"

"Mara tatu," akasema, kama mtu anayesoma sheria bungeni.

Sikuzungumza naye mpaka ugali wa siku ya pili.

Basi nikarudi kwenye plastiki. Nikavumilia, nikavumilia, mpaka mchana mmoja nikiwa kwenye simu na mama mmoja ambaye mbwa wake anakoroma, mguu wa kiti ukasema kra! na mimi nikaenda chini na hedifoni, waya ukachomoka, na kompyuta ikabaki mezani inasema, "Halo? Halo?" Dishon alinikuta nimelala sakafuni, siwezi kugeuka kulia wala kushoto. Daktari wa mgongo alinibonyezabonyeza, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza habari za vitanda vya mbwa. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipomaliza kucheka akasema bila utani hata kidogo: "Mama, kiti kizuri ama uache kazi. Ukiendelea hivi utakuja hapa umebebwa."

Kuacha? Ng'o! Nyinyi hamjui. Nimeuza mboga, nimeshona sare za shule, nimeosha nywele za watu mpaka vidole vikachubuka. Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtu akiniuliza nafanya nini, najibu kabla hajamaliza swali. Naipenda, na mbwa wake wote. Siachi.

Wiki hiyo mama mkwe wangu, Mama Lornah, akapiga simu kama kawaida yake ya kila Jumapili baada ya kanisa. Akaniuliza hali, nikasema mgongo unaniua. "Kwani unafanya kazi umekalia nini?" akauliza. Nikamwambia nilikuwa nakalia plastiki, na sasa plastiki imevunjika.

"Na ile kiti yako nyeusi?"

"Si iko huko kwenu, Mama."

Akaguna. Halafu akaniuliza bei ya omena Kisumu, akalalamikia mvua, na mwisho kabisa akasema, "Mzee anarudi kuona daktari ya macho. Jumatano atakuwa hapo kwenu."

Yawa! Nilishika kiuno kwa mikono yote miwili. Jumatano!

Kesho yake mimi na Dishon tulikwenda kwa Abdulrahman, yule mwenye duka la fanicha nyuma ya msikiti. Abdulrahman ni mzaliwa wa mjini, babu yake alikuja na reli, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu sote, na yeye analijua hilo.

"Kiti hakinunuliwi kwa macho, mama," akasema. "Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha ofisi, ndugu wa kile changu cha zamani. Mgongo wangu ukashukuru kwa sauti, wallahi nilisikia. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, sikumwona Dishon. Nikamsikia nyuma ya makabati.

"Celestine! Kuja uone hii!"

Alikuwa amekalia kiti cha gemu, vile vya vijana wanaocheza pleisteshen, kimechongeka kama kiti cha gari la mashindano, kina mto wa shingo, mto wa kiuno, na mpini pembeni wa kukilaza. Rangi yake kijani na nyeupe. Dishon alikuwa ameshalala chali, mikono inashika usukani ambao haupo.

"Hii ndio dawa ya mgongo yako," akasema. "Ona mto. Ona vile inalala!"

"Mgongo wangu au mechi zako na Joram?"

"Sasa mbona unaingiza Joram?"

Joram ni jirani yetu. Yeye na Dishon wakianza kucheza mpira wa kompyuta Jumamosi, hata ukitaka maji ya kunywa hupati pa kupitia. Nikamwona Joram kwa macho ya rohoni, amelala kwenye kiti changu, makombo ya chapati kifuani.

Nikarudi kwenye cha ofisi. Nikaenda tena kwenye cha gemu. Nikarudi. Abdulrahman alikuwa ananifuata tu na kitambaa cha vumbi. Dishon akachoka.

"Mchagua jembe si mkulima," akasema.

"Na mgawa jembe la mwenzake?" nikamuuliza. Akaanza kukagua dari.

Lakini mimi sikuwa nachagua kiti, jamani. Nilikuwa napiga hesabu ya watu. Nikinunua cha ofisi, cheusi, cha heshima, kinachofanana na cha chifu, Jumatano Mzee atakikalia, Alhamisi atasifu, na mwisho wa wiki kitapanda keria kumfuata mwenzake. Nikinunua cha gemu cha kijani, Mzee atakikalia kwa haraka zaidi, na akiondoka bila kukichukua, Dishon na Joram watakirithi. Kila nilipogeuka, mimi nilikuwa nimekalia ndoo.

"Bwana Abdulrahman," nikasema, "hiki cha gemu huna rangi nyingine?"

Akajikuna kidevu. "Kipo kimoja, mama, ila sipendi kukuonyesha. Hapa Kisumu hakitoki. Wanakuja, wanakiangalia, wanatukana, wanaondoka."

"Kilete."

Akakisukuma kutoka stoo. Kilikuwa cha buluu na nyeupe, mistari mipana, kinang'aa. Dishon aliinuka pale alipokuwa amelala kama mtu aliyeona nyoka.

Kwa msomaji asiyejua mpira wa kwetu, nieleze. Timu ya mioyo ya watu hapa ni Gor Mahia, na Gor ni kijani. Buluu na nyeupe ni Leopards, mahasimu wetu tangu babu zetu. Na Mzee Opondo si shabiki wa Gor wa mdomo tu. Ana kofia ya kijani ambayo anaivua kanisani na kitandani basi. Leopards haitajwi kwake wakati wa kula. Krismasi moja, kwa kutojua, nilimnunulia shati zuri la mistari ya buluu na nyeupe. Alinishukuru sana, akaniombea baraka. Pasaka nilipokwenda nililikuta shambani, limevishwa sanamu ya kufukuza ndege kwenye mtama.

"Funga hiki," nikamwambia Abdulrahman.

"Celestine," Dishon akanong'ona, "watu watatuona."

"Watuone."

"Mimi siwezi kucheza gemu nimekalia hiyo kitu! Joram atasema nini?"

"Kumbe!" nikasema. Nilicheka mpaka duka zima likageuka.

Abdulrahman alinipunguzia bei bila kuombwa, kwa furaha ya kukiona kinatoka. Dishon alikifunika kwa gunia, tena la pili juu yake, ndipo akakubali kutembea kando ya mkokoteni. Hata hivyo alitembea mbali kidogo.

Niseme ukweli kuhusu kiti chenyewe. Kilikuwa kizuri, lakini kilitengenezewa kijana mwembamba. Zile mbavu zake za pembeni zilinifinya mapaja, na mto wa shingo ulinisukuma kichwa mbele kama kobe. Mgongo haukuuma kama kwenye plastiki, basi. Kile cheusi bado nilikiota. Lakini hiki kilikuwa changu, na hakuna mwanaume wa Opondo ambaye angekigusa. Jumanne nzima nilifanya kazi kama malkia aliyebanwa.

Jumatano nilikuwa kwenye simu na madamu mmoja mpole, analalamika taratibu, niliposikia mlango wa gari nje na sauti ya Dishon ikisema, "Polepole, Baba." Nikamwomba madamu asubiri kidogo, nikamwekea ule muziki wao, nikasimama haraka. Baba mkwe hakuti mke wa mwanawe amekaa ametulia tu.

Mzee akaingia na fimbo yake, kofia ya kijani kichwani. Akanisalimia vizuri, "Nyar Seme," maana kwetu mke huitwa kwa jina la alikotoka, na mimi ni binti wa Seme. Nikainama kidogo, nikajibu. Halafu macho yake yakaona kiti.

Alikitazama muda mrefu. Akakizunguka. Akakisogelea, akarudi nyuma. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama kalenda ukutani.

"Hii," akasema, "ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba. Ya kazi."

"Hakukuwa na rangi ingine?"

"Ilikuwa imeisha, Baba."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda! Halafu Mzee akageuka akalitazama kochi, lile lililozama. Akaweka mkono kwenye goti. Akaanza kujipima jinsi ya kushuka, taratibu, kama mtu anayepima kina cha mto. Furaha yote ikanitoka. Nilijisikia vibaya, jamani, vibaya sana. Nilifungua mdomo nimwambie Dishon amletee hata meza akalie.

Lakini Mzee hakukaa. Alisimama akapaza sauti kuelekea mlangoni, "Dishon! Leta."

Dishon akaingia amebeba kitu kichwani, kimefunikwa blanketi la Mzee mwenyewe, lile la mistari analojifunika asubuhi za baridi. Akakishusha. Mzee akavuta blanketi kwa ncha ya fimbo.

Kilikuwa kiti changu. Kile cheusi.

Kilikuwa kimeoshwa mpaka kinanukia sabuni. Gurudumu moja lilikuwa na udongo mwekundu uliokataa kutoka, na kwenye mshono wa kiti kulikuwa na unyoya mdogo wa kuku.

"Kule kwangu ni udongo," Mzee akasema. "Haitembei. Imezama. Mwishowe kuku ilipanda ikalalia mayai. Kuku tu ndio imefaidi."

"Baba, lakini ulisema unaipenda," Dishon akasema.

"Nilisema ni kiti nzuri!" Mzee akagonga fimbo chini. "Mgeni asisifu? Nyumba ya mtoto wangu, nikae kimya kama jiwe? Nilisifu. Wewe ukafunga kamba. Ningekataa, ungesema Baba amenikataa. Nikabeba." Akapumua. "Lakini hukuniambia ni ya kazi. Lornah ndiye ameniambia Jumapili. Siku tatu sijala vizuri. Dishon, mtu akikuja hapa asifu jembe ya mama yako, utampa?"

Dishon alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Ulinipa jembe ya mtu," Mzee akasema, sauti imeshuka sasa. "Msimu wa kulima. Na yeye alinipungia mkono."

Hapo nililia. Sikujua kama nitalia, machozi yalitoka tu, na nikajifuta kwa leso haraka haraka kwa sababu mtu halii mbele ya baba mkwe bila msiba. Mzee akajifanya anaangalia kalenda.

Ndipo hedifoni zilizokuwa mezani zikasema kitu.

"Nani huyo?" Mzee akauliza.

"Ni mteja, Baba. Anasubiri. Mbwa wake amekataa kitanda kipya. Anataka kile cha zamani."

Mzee akafikiri. "Hiyo mbwa iko na akili," akasema. "Kaa ufanye kazi."

Lakini nitakaaje? Viti ni viwili na kochi ni shimo. Nikikikalia cheusi, Mzee atabaki amesimama, au atakaa chini yangu kwenye kochi, na hilo halifanyiki hata kwa dawa. Nikakisukuma cheusi kuelekea kwake. Akakirudisha kwangu kwa fimbo. Nikakisukuma tena. Akakirudisha, safari hii kwa nguvu, kikanigonga goti.

"Nyar Seme, nimesema kaa."

Akageuka. Akavua kofia yake ya kijani, akaikung'uta, akamkabidhi Dishon.

"Peleka hii chumbani," akasema. "Funga mlango. Isione."

Dishon akaipokea kwa mikono miwili, akaipeleka, na tukasikia kitasa. Mzee akashika mkono wa kile kiti cha buluu na nyeupe, akafumba macho kama mtu anayemeza dawa chungu, akakaa. Yeye Opondo wa Pap Onditi, aliyevisha shati langu sanamu ya shambani. Akakaa kabisa, mgongo wote, na magoti yake yakanyooka vizuri.

Na mimi nikakaa kwenye changu. Kilinipokea pale pale nilipokiacha. Nikavaa hedifoni.

"Samahani kwa kukuchelewesha, madamu," nikasema. "Tulikuwa tunapanga viti. Hebu niambie, kile kitanda cha zamani umeshakitupa?"

Hakuwa amekitupa. Nikamwambia amrudishie mbwa wake leo hii, na kile kipya tutakichukua wenyewe. Alinishukuru mpaka nikaona haya.

Nilipokuwa naongea, mkono wa Mzee uligusa ule mpini wa pembeni. Kiti kikalala nyuma taratibu, miguu yake ikapanda, na mto ukampata shingoni sawasawa, maana yeye ni mwembamba. Uso wake ulifunguka wote. Akatazama dari na kutabasamu.

"Yawa," akasema. "Hii kiti ni..."

Dishon akaganda mlangoni. Mimi nikageuka na hedifoni zangu. Mzee akatuona. Akafunga mdomo, akameza, akakohoa mara mbili.

Alikaa kwetu mpaka macho yakamalizika kutibiwa, kila siku kwenye buluu na nyeupe, na kila Joram akibisha hodi tunamtupia Mzee shuka mpaka miguuni. Na siku zote hizo hakusifu kitu chochote nyumbani mwangu, hata chai.